Sukari Ikipungua Katika Damu

Habari za ugonjwa wa sukari wengi wetu tumekwisha kuzisikia. Tumefundishwa katika vituo vya afya kwamba sukari ikizidi katika damu huharibu macho, figo, mishipa na miguu, na ndivyo ilivyo. Lakini liko jambo jingine, kinyume cha hilo, ambalo halisemwi sana, nalo ni sukari kupungua katika damu kupita kiasi. Lile la kwanza humla mtu polepole, miaka kwa miaka. Hili la pili laweza kumwangusha kati ya asubuhi na adhuhuri, na asipopata msaada asiinuke tena. Mimi ni mama wa nyumba hapa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, wala sikusomea uuguzi. Naandika kwa sababu jambo hili liliingia nyumbani mwangu, likakaribia kuuvunja ukoo wa mume wangu, na kwa sababu sehemu kubwa ya kinga yake imo katika masufuria yetu akina mama.

Kwanza nieleze mambo yalivyo ndani ya mwili, kwa namna nilivyoelezwa hata nikaelewa. Vyakula vya wanga, yaani bukari, mihogo, viazi vitamu, wali, ndizi na mahindi, hugeuzwa tumboni kuwa sukari. Sukari hiyo huingia katika damu, ikapelekwa kila mahali kama kuni ziendazo mafigani. Mlaji wake mkubwa ni ubongo: kwa siku moja hutumia kadiri ya gramu 120, wala hauna ghala yake mwenyewe. Ghala iko katika ini, nalo kwa mtu mzima mwenye afya huweka kadiri ya gramu 100, likizitoa kidogo kidogo usiku tunapolala na mchana tunapokawia kula. Kongosho nalo hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika viungo. Hapo vitu hivyo vinapokwenda sawasawa, mtu aweza kushinda na njaa mpaka jioni asianguke. Atakuwa mnyonge, pengine na hasira, lakini ukimpima mara nyingi utaikuta sukari yake iko mahali pake. Basi si kila mwenye kizunguzungu cha njaa aseme kwamba sukari imeshuka.

Walio katika hatari ya kweli ni watu wa namna tatu hasa: wagonjwa wa sukari wanaotumia insulini, au vidonge vinavyolilazimisha kongosho kuitoa, watoto wadogo wanapougua sana au wanapokonda kwa utapiamlo, na watu wanaokunywa pombe kali pasipo kula. Nitaanza na wale wa kwanza, maana mmoja wao ni mume wangu.

Lakini yafaa mjue kwanza namna tunavyokula hapa kwetu. Mgeni akifika Kinkondja huona chakula kingi. Ziwa hutupa samaki, na wako wavuvi wanaojenga vibanda vyao juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea majini, wakaishi humo pamoja na jamaa zao. Mihogo ipo, mahindi yapo, mawese yapo, sombe hatuinunui mbali. Jambo linalotutatiza ni saa. Wanaume wengi hutega nyavu jioni na kurudi alfajiri. Akina mama huwapokea samaki, wakawapasua, wakawaweka juu ya moshi au kuwapeleka sokoni. Na moto wa chungu cha bukari huwashwa jua likiwa limekwisha kuinama. Hicho cha jioni ndicho chakula chenyewe, kinacholiwa wote pamoja, na mgeni pia. Asubuhi ni chai, kama sukari ipo, na watoto hugawana kiporo. Mtu mzima anayeketi peke yake asubuhi na sahani mbele yake huonekana mlafi, tena mtu asiyependa wenziwe. Siidharau desturi hii. Imewalisha wajane na yatima wengi ambao hawangepata kitu kama kila mmoja angekula saa yake, mlango umefungwa.

Mume wangu ana miaka 63. Kazi yake ni kununua samaki waliokaushwa kwa wavuvi wa visiwani na kuwapeleka kwa mashua mpaka Bukama, mahali mto unapokutana na reli. Katika safari moja alipimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, akapewa vidonge viitwavyo glibenklamidi katika zahanati ya njiani. Maagizo yalikuwa mafupi: meza kimoja kila asubuhi, acha sukari. Hakuna aliyemwuliza anakula saa ngapi. Naye ni mtu wa kutii. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alimeza kidonge chake kwa kikombe cha maji, akatoka kwenda kazini. Chai aliiacha kabisa, kwa kuwa kwake chai na sukari ni kitu kimoja. Hivyo kinywa chake hakikupata kitu mpaka saa kumi au kumi na moja jioni.

Haukupita mwezi mmoja tukaanza kuona mambo. Kufika saa nne asubuhi, jasho jembamba lilimtoka hata siku ya baridi, mikono ikatetemeka. Mtu mpole huyu akawa mgomvi. Siku moja sokoni alihesabu fungu moja la samaki mara tatu, kila mara akapata hesabu nyingine, na mnunuzi alipocheka akamtukana tusi ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake tangu tulipooana. Watu wakasema amekunywa lutuku. Mume wangu hanywi. Siku nyingine akasimama njiani kama aliyepotea, na mlango wa nyumba yetu uko mbele yake. Kisha akaanguka gatini, nusu ya mwili mtumbwini na nusu majini, na vijana wakamwopoa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwaka ule mume wangu na mdogo wake walikuwa wamegombana kwa ajili ya mtumbwi wa marehemu baba yao. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kawaida, kama ugomvi wa ndugu ulivyo, lakini kuanguka kule kuliugeuza uso. Shangazi mmoja akasema, mwingine akaitikia, na kabla ya juma kwisha ukoo mzima ulikuwa unamtazama shemeji yangu kama mlozi. Wazee wawili wakashauri twende kwa kilumbu tukaulize. Watoto wetu wakakatazwa kula kwa baba yao mdogo. Yeye akaacha kupita mbele ya ua wetu, akawa anazunguka nyuma ya migomba ili asitupe salamu ambayo hatutaiitikia. Ninyi mliokaa vijijini mwajua maneno ya namna hii hufika wapi. Watu wamechomewa nyumba kwa habari ndogo kuliko hiyo.

Mimi sikukubali. Sababu yangu haikuwa elimu; ilikuwa chungu. Nilikuwa nimeona kwamba mambo haya humjia akiwa hajala, na kwamba jioni, akiisha kumaliza tonge zake za bukari, ghadhabu humtoka, macho yakatulia, akaanza kuwauliza watoto habari za shule. Nikajisemea moyoni: uchawi gani huu unaoogopa bukari? Nikamwita mwanangu mkubwa, na asubuhi iliyofuata, jasho lilipoanza kumtoka, tukamshika mkono, mmoja huku na mmoja huku, tukampeleka hospitali akitulaani njia nzima.

Mwuguzi alimtoboa kidole, akaiweka tone la damu katika kipimo kidogo kitoshacho kiganjani. Kilionyesha 41. Mtu wa namna ya mume wangu, alitueleza baadaye, hapaswi kushuka chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu. Na akifika chini ya 54 ubongo umekwisha kuanza kukosa kuni zake. Papo hapo akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika bilauri ya maji, kadiri ya gramu 15, akamnywesha polepole. Tukangoja robo saa. Akapima tena, ikawa 78. Mume wangu akaangaza macho pande zote, akauliza ni nani aliyemleta pale, na kwa nini shati lake limelowa.

Kisha nikayasikia maswali ambayo yangepaswa kuulizwa tangu mwanzo.

“Baba, jana ulikula saa ngapi?”

“Jioni, mwanangu.”

“Na leo kidonge umekimeza saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili, kama nilivyoagizwa.”

“Tangu hapo umekula nini?”

“Bado. Sisi tunakula jioni.”

Mwuguzi akanigeukia mimi. “Mama, kidonge kimefika mezani tangu alfajiri, na chakula bado kiko shambani. Kidonge hiki hakijui kungoja.”

Akatufafanulia kwamba glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hakula, na nguvu yake yaweza kudumu saa 24. Kwa mzee, na hasa mwenye figo dhaifu, hukaa zaidi. Kwa hiyo sukari ikipandishwa kwa maji matamu huweza kushuka tena baada ya saa chache, na mtu aweza kufia nyumbani usiku kwa kudhani amekwisha kupona mchana. Hawakuturuhusu kuondoka; mume wangu alilala pale, akapewa chakula, akapimwa mpaka kesho yake. Daktari akambadilishia dawa, akampa gliklazidi, akasema Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Dawa hii mpya pia yaweza kuishusha sukari, lakini hatari yake ni ndogo zaidi, nayo humezwa pamoja na chakula cha asubuhi. Asiyekula asubuhi hiyo, kwa mfano kwa kutapika, asiimeze kwanza, aulize. Hapo niongeze neno kwa wenye kudungwa sindano ya insulini: hao wasikate sindano kwa shauri lao wenyewe hata wakikosa kula, kwa sababu kuikata kabisa kuna hatari nyingine, waende upesi kwa mganga awapangie kipimo.

Basi kazi ikarudi jikoni kwangu. Wengi wameniuliza nimepata wapi fedha ya kumlisha mtu mara nne kwa siku. Jibu ni kwamba unga ni ule ule. Zamani nilikuwa nikipika lundo moja kubwa jioni, naye akala sehemu kubwa kwa kuwa ameshinda na njaa. Sasa unga ule nimeugawa. Saa moja asubuhi anapata uji wa mahindi uliochanganywa na karanga zilizotwangwa, au viazi vitamu viwili vilivyochemshwa pamoja na kipande cha samaki. Mnamo saa nne, ndizi moja au kiganja cha karanga za kukaanga. Saa saba, tonge la bukari lenye ukubwa wa ngumi yake, na maharagwe. Jioni anakula nasi kama kawaida, ila kilima cha bukari kimekuwa kichuguu, na sombe imeongezeka. Kilichozidi ni makaa ya asubuhi. Lakini wengi wetu huku tunakausha samaki, na moto wa samaki unawaka tangu alfajiri. Sufuria ya uji hupata nafasi pembeni pake.

Samaki, maharagwe na karanga havikuwekwa hapo kwa ajili ya utamu tu. Uji mtupu au mhogo mtupu huingia katika damu kwa haraka, ukaipandisha sukari juu, kisha ukaisha. Ukiutia karanga, au ukiufuatisha na samaki, tumbo huuachia polepole, na mgonjwa hufika saa nne akiwa mtulivu. Tena kiasi kina maana yake. Wako wanaomshindilia mgonjwa chakula kwa kuogopa kuanguka, na sukari ikapanda mpaka 300. Hapo wamemtoa majini na kumtupa motoni.

Chakula chenyewe hakikunisumbua kama haya. Mume wangu hakutaka kuonekana akila mchana. Siku za kwanza alibeba viazi vyake katika kitambaa, akaenda kuvilia nyuma ya ghala la samaki, au akavirudisha jioni vikiwa vizima. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, aliniuliza mbele ya watu tangu lini ukoo wao umekuwa wa Wazungu, wa kula asubuhi kama watoto wachanga. Sikumjibu, haikunipasa. Kesho yake nilipika uji katika sufuria kubwa, nikampelekea kikombe cha kwanza yeye, kisha watoto, kisha yeyote aliyekuwapo uani, na cha mwisho mume wangu. Desturi yetu inakataza mtu kula peke yake. Kula asubuhi haikulikataza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena, na mama mkwe ndiye anayetangulia kusema uji ukichelewa.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kueleweka: kwamba mgonjwa wa sukari atembee na sukari mfukoni. Jirani mmoja aliponiona nikimfungia vijiko vitatu katika karatasi ya nailoni alinishika mkono akidhani nataka kumwua. Namna ya kueleza nimeipata. Nasema: mtumbwi ukijaa maji, huyatoa, lakini ukikwama mchangani kwa kukosa maji, je, utaendelea kuyatoa? Watu wa ziwa huelewa. Sukari ile si kitafunio, haiguswi ila zikija dalili: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula, macho kuingia giza, maneno kukorogeka, ukali usio na sababu. Hapo ataimeza kwa maji, au atakunywa nusu chupa ndogo ya soda yenye sukari, angoje robo saa, na dalili zikibaki arudie. Akiisha kupata nafuu ale chakula cha kweli. Karanga na samaki hazifai katika saa hiyo ya kwanza, kwa kuwa zinakawia. Na kama mtu amekwisha kuzimia, msimmiminie kitu chochote kinywani, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkamkimbize kwa waganga. Watoto wangu wote wanajua hayo, na wavuvi wanaosafiri na baba yao nao wanajua.

Nimesema watoto wadogo nao wamo hatarini, nami nisipite haraka hapo, kwa kuwa malaria kwetu ni mgeni wa kila nyumba. Mtoto mwenye malaria kali hatapiki tu na kukataa chakula. Vijidudu vyenyewe hula sukari ya damu yake, na ghala ya ini lake ni ndogo. Zamani kwinini, iliyowaponya wengi, iliongeza hatari hiyo, kwa kuwa nayo hulichochea kongosho. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwamo: waliodungwa artesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, na sukari yao haikushuka mara nyingi kama ya wenzao. Tangu hapo artesuneti imekuwa dawa ya kwanza ya malaria kali. Hata hivyo mtoto aliyeshinda siku mbili bila kula aweza kushuka kabla hajaiona sindano yoyote. Kama analegea, mwili unapoa, au hashtuki vema ukimwita, msingoje kuche. Njiani, akiwa ananyonya, nyonyesheni. Akiweza kumeza, mpeni maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai kilichojaa katika vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji safi. Akiwa hawezi kumeza, waganga hufundisha kuweka sukari iliyoloweshwa kwa tone la maji chini ya ulimi wake, si kumiminia maji. Naye mtoto aliyekondeana kwa utapiamlo, mwanzoni mwa matibabu hulishwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku pia. Mama anayemwacha alale mpaka asubuhi kwa kumhurumia anamnyima kilicho bora kuliko usingizi.

Juu ya lutuku nitasema machache. Mvuvi anayetoka majini alfajiri na baridi mifupani, tumbo tupu, akapewa vikombe viwili, analipa ini lake kazi ya kuiondoa pombe, na ini likishughulika na pombe haliwezi kutengeneza sukari mpya. Akilala chini ya mti, watu husema amelewa, mwacheni alale. Pengine ni kweli. Pengine sukari yake imefika 40, na hataamka. Anayetaka kujua tofauti amwamshe, na asipoamka vema ampeleke akapimwe.

Lipo jambo la mwisho, nalo lahusu Jumapili. Wazee wetu walifundishwa katika utoto wao kwamba anayetaka kukomunika asile wala asinywe tangu usiku wa manane. Ilikuwa sheria kweli, lakini imebadilika zamani. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 akapunguza mfungo wa chakula kuwa saa tatu. Na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya kuwa saa moja tu kabla ya Komunyo. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 919, inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowatunza kukomunika hata kama wamekula katika muda wa saa hiyo. Na mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwapasa watu wenye miaka 18 mpaka 59, walio wazima. Nayaandika haya kwa sababu bado nawaona bibi na babu, wengine wenye vidonge vya sukari, wanaotembea saa mbili kuja kanisani na tumbo tupu, wakaanguka wakati wa mahubiri. Hufunguliwa vifungo, hupepewa, hutolewa nje. Mpepeaji na aulize pia kama mzee anatumia dawa ya sukari.

Shemeji yangu amerudi. Hakurudi siku ile ile. Mume wangu alikwenda kwake mara mbili, na ile karatasi ya hospitali mkononi, kabla hajafunguliwa mlango. Wazee waliotaka kwenda kwa kilumbu wamenyamaza, wala hawakuomba radhi. Mtumbwi sasa wanautumia kwa zamu. Watoto wake bado hawali kwetu kwa uhuru kama zamani, hunyoosha mkono na kuutazama uso wa mama yao kwanza, nasi twangoja.

Juma lijalo mume wangu anashuka mashuani kwenda Bukama. Mashua yaweza kukwama katika mafunjo siku nzima, kwa hiyo nimemfungia viazi vya kuchemsha vya siku ya kwanza, karanga kilo moja, ndizi ambazo hazijaiva sana, samaki mkavu, na karatasi tatu za sukari: moja mfukoni, moja mfukoni mwa mwanawe, na moja kwa nahodha, ambaye mwaka jana alikuwa wa kwanza kumwita mlevi.